Daftari, sanduku au kitambaa? Njia tatu za kuhifadhi kumbukumbu za familia

Arobaini ikishapita na wageni wakishatawanyika, nyumbani hubaki mali na vikorokoro. Mali ina taratibu zake: wazee watakaa kikao, na wakishindwana kuna kadhi na kuna mahakama. Vikorokoro havina msimamizi wa mirathi. Ni picha zilizofungwa kwa mpira, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana wajukuu, kanga zenye harufu ya udi, kadi ya chama, barua za mjomba aliyekuwa Maskati, ratiba za mazishi ya waliotangulia. Vyote hutiwa katika mfuko wa nailoni, mfuko ukapandishwa juu ya kabati, na masika ya pili ikifika picha zimegandana hazibanduki tena.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya yule mmoja katika kila ukoo anayetaka kuushusha mfuko huo mapema. Njia ninazolinganisha ni tatu, zote za kazi ya mkono, na zote zinawezekana bila kuagiza kitu ng'ambo. Kuna daftari la kubandika, ambamo picha na karatasi hukaa pamoja na maandishi. Kuna sanduku la kumbukumbu, linalopokea vitu vyenyewe. Na kuna kitambaa, yaani shuka la viraka lililoshonwa kwa kanga, vitenge na nguo za wenyewe. Sizilinganishi kwa urembo. Kipimo changu ni mtoto ambaye hajazaliwa: siku atakapokishika kitu hiki, na wote wa kumwuliza wamekwisha kwenda, atajua huyu ni nani, ni wa nani, na aliishije?

Ugonjwa mmoja, nchi tatu

Njia hizi zilishapita katika mtihani mgumu kuliko wowote tutakaozipa sisi. UKIMWI ulipokuwa ukiua vijana na wazazi wa watoto wadogo, kabla dawa za kufubaza virusi hazijawafikia watu wa kawaida, watu wa nchi tatu walijiuliza aliyekwenda atakumbukwa kwa kitu gani. Kila mahali pakatoka jibu lake.

Uganda wakachagua daftari. Chama cha wanawake wanaoishi na VVU, NACWOLA, ambacho Beatrice Were ni mmoja wa waanzilishi wake, kilianza katika miaka ya 1990 kuwasaidia akina mama kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Mama aliandika mwenyewe, kurasa zikiwa na vichwa vya kumwongoza: ulizaliwa vipi, ukoo wetu unatoka wapi, ulipokuwa mdogo ulipenda nini, mimi ninaamini nini. Picha ilibandikwa kama ilikuwepo. Isipokuwepo, ukurasa haukukosa kitu. Na kazi hiyo ilifanya jambo ambalo albamu haliwezi. Mama na mtoto walikaa pamoja juu ya daftari, na hapo ndipo wengi walipata njia ya kumwambia mtoto kwamba wanaumwa na kuzungumza ni nani atakayemlea.

Afrika Kusini, kituo cha Sinomlando cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kikashika sanduku. Walikaa na mzazi mgonjwa au bibi aliyebaki na wajukuu, wakarekodi masimulizi ya familia, wakayaandika, kisha maandishi yakawekwa sandukuni pamoja na picha na vitu vya marehemu. Watoto wenyewe walilipamba sanduku kwa nje.

Marekani ikawa kitambaa. Mwaka 1987 huko San Francisco, Cleve Jones na wenzake walianza kushona vipande vyenye majina ya waliokufa, kila kipande kikiwa na upana wa karibu sentimita 90 na urefu wa karibu 180, kipimo cha kaburi. Oktoba mwaka huohuo vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja mkubwa wa Washington ili taifa lililokuwa likigeuza uso lione ni watu wangapi.

Ukiyaweka majibu haya matatu kando kwa kando, tofauti inajitokeza yenyewe. Kitambaa kilisema na umma. Sanduku lilisema na mtoto ambaye amefiwa au yu karibu kufiwa, kwa kumpa kitu cha kushika. Daftari lilisema na mtoto mzazi akiwa bado hai, kwa mwandiko wa mzazi mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujafikiria gundi wala cherehani, jiulize: ninayetaka kumhifadhi yuko hai?

Kama yuko hai, anza na daftari, hata kama nyumba imejaa vitu vya sanduku. Vitu vitakungoja. Sauti yake haitakungoja. Kama ameshafariki na kilichobaki ni vitu tu, sanduku ndilo litakalokusaidia zaidi, mradi uandike. Kitambaa ninakipa nafasi pale familia inapotaka jambo la kulifanya pamoja na la kuonekana: harusi, kuzaliwa kwa mjukuu wa kwanza, kutimiza mwaka tangu msiba.

Kinachoingia na kisichoingia

Daftari linapenda vitu bapa: picha, barua, tiketi, kadi za harusi, kopi za vyeti, na ratiba za mazishi. Hizi za mwisho tunazidharau mno. Kenya kijitabu cha mazishi huwa na wasifu kamili wa marehemu, majina ya wazazi, ndugu na watoto, shule alizosoma, kazi alizofanya, na picha kadhaa za umri tofauti. Tanzania pia wasifu wa marehemu husomwa, na mara nyingi karatasi yake hupotea siku hiyohiyo. Kwa watu wengi wa kawaida huo ndio wasifu wa pekee utakaoandikwa juu yao. Uingize daftarini wote, halafu kando yake andika yale ambayo wasifu wa msibani hauyataji: alikuwa akiimba nini jikoni, aliwahi kugombana na nani na wakapatanishwa na nani, kwa nini alihama Tanga.

Tasbihi, rozari, miwani, kofia ya vito iliyoshonwa na mke wake, kijiko cha upawa kilicholika upande mmoja, kitabu cha akiba cha ushirika: hivyo havibandikiki. Sanduku linavipokea vyote, na nguvu yake iko hapo, kwa sababu mtoto atajua ukubwa wa kichwa cha babu kwa kuivaa kofia yake. Udhaifu wake ni kwamba kitu hakijitambulishi. Miwani bila maelezo ni miwani ya mtu yeyote. Ukichagua sanduku, kila kitu kifungiwe kijikaratasi kwa uzi wa pamba: cha nani, kilipatikana wapi, kilitumikaje. Ukiona kazi hiyo ni kubwa mno, basi sanduku si lako, kwa kuwa utakachokuwa umefanya ni kuuhamisha ule mfuko wa nailoni tu.

Kaseti zinastahili neno lao. Nyumba nyingi zina sauti za wazee kwenye kaseti, kutoka harusini, maulidini, au salamu zilizotumwa kwa ndugu walio mbali. Sanduku huihifadhi kaseti lakini halihifadhi kilichomo. Utepe unachoka, na redio za kuichezea zinazidi kuadimika. Ihamishie kwenye kompyuta mapema, usikilize ukiwa na kalamu, na uandike daftarini ni sauti ya nani na anasema nini.

Kitambaa kinachukua kidogo kuliko vyote, ila kinachukua kile ambacho hakuna kingine kinachoweza. Kwetu nguo ni waraka. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno. Na aliyeinunua aliyachagua maneno kwa kujua anampa nani. Kisutu alichovaa bibi harusi, kanga aliyopokelewa nayo mtoto, doti iliyoandikwa “Nani kama mama” aliyoleta binti kwa mshahara wake wa kwanza: hizo ni tarehe za familia. Mwanamke ambaye hakuwahi kupigwa picha ila ya kitambulisho anaweza kuwa ameacha kanga ishirini, na ndani yake mna maisha yake yote.

Kwa wanaotaka kushona, hesabu ni hii. Kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Ukikata viraka vya sentimita 30 kila upande, inatoa 15. Shuka la viraka vitano kwa sita linahitaji 30, na mshono ukishakula sentimita moja kila upande linabaki na kama sentimita 140 kwa 168, linalomtosha mtu mmoja kujifunika. Kanga kumi zikitoa viraka vitatu vitatu zinatosha, na sehemu kubwa ya kila kanga itabaki. Maneno usiyakate katikati. Yatoe mazima kama ukanda, uyashone pembezoni mwa shuka. Kanga mpya ifuliwe kwanza peke yake, kwa sababu ina wanga na huchuja rangi, hasa nyekundu. Na nyuma ya shuka, kwenye kona, mtu adarizi orodha: kiraka hiki ni cha nani na cha mwaka gani. Bila orodha hiyo shuka litakuwa pambo zuri lisilo na habari.

Wapo watakaosema kanga ya mama haikatwi, na hao wasikilizwe. Kwa familia kama hiyo tumia mabaki ya sare za harusi na vitenge vya shughuli, ambavyo fundi hutupa kila wiki. Kila mwanaukoo ameshavaa sare hizo, na hakuna atakayeona amekatiwa urithi wake. Kanga zenyewe zikunjwe na zikae sandukuni.

Pwani, bara, na maadui wa karatasi

Ninashangaa maelezo mengi ya kutengeneza albamu yanavyoandikwa kana kwamba wote tunaishi mahali pakavu na baridi. Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na Lamu hewa ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima, na kuvu humea kwa raha unyevu unapokaa juu ya asilimia 65 hadi 70. Nairobi, Arusha, Iringa au Kigali mambo ni nafuu zaidi. Kwa hiyo jibu la Lamu si lazima liwe jibu la Iringa.

Daftari ndilo linaloumia kwa haraka zaidi kwenye unyevu, na pia ndilo rahisi kulikinga. Adui wake wa kwanza ni albamu ya dukani yenye kurasa za kunata na karatasi ya plastiki juu, ile iliyokuwa fahari ya sebule nyingi miaka ya 1970 na 1980. Gundi yake hugeuka njano na kuishika picha moja kwa moja, na plastiki yake mara nyingi hutoa mvuke unaoharibu picha. Kama picha zenu bado zimo humo, zitoeni mwaka huu. Inayogoma isivutwe, pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, taratibu, kutoka pembe hadi pembe. Inayogoma kabisa iache ilivyo na uipige picha nyingine.

Daftari zuri la kuanzia ni kaunta buku la kwaya tatu, lenye jalada gumu. Karatasi yake si ya hifadhi ya makumbusho, lakini inatosha ukibandika nakala na kuweka picha za asili kwenye bahasha za karatasi. Anayeweza kupata karatasi isiyo na asidi, steshenari kubwa za mijini au kwa ndugu aliye nje, aitumie na ashone daftari lake mwenyewe kwa uzi. Kata na uondoe karatasi mojamoja kati ya kurasa ili daftari lisivimbe picha zikishaingia. Picha usizipake gundi mgongoni. Kunja vipembe vidogo vya karatasi, gundi ipake kwenye vipembe, picha ichomekwe. Siku moja mtu atataka kusoma nyuma yake. Selotepu isikaribie: gundi yake hugeuka njano na kuacha doa. Pini na stepla hupata kutu, na pwani ni haraka. Gundi ya uji wa unga, ambayo wengi tulikua nayo, ni chakula cha mende. Kulamineti picha au cheti ni kukiua, kwa sababu moto na plastiki havirudi nyuma.

Na kukata. Kuna mvuto mkubwa wa kukata picha kwa umbo la moyo au ua, au kumtoa mtu kwenye kundi. Mpiga picha Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa kazi za namna hiyo, akikata vipande vya picha mbalimbali na kuviunganisha kuwa picha moja ya ajabu, na kazi zake zinavutia hadi leo. Lakini mpiga picha anaweza kuchapa nyingine. Wewe una nakala moja, na kile kiti, ukuta, gari au mtoto wa jirani unayemkata ndicho kitakachomsaidia mtu kutambua picha ilipigwa wapi. Toa kopi ya rangi, ukate kopi.

Sanduku linategemea limetengenezwa kwa nini. Kasha la mbao la Kizanzibari lenye njumu za shaba ni zuri kuliko kitu chochote nitakachokitaja hapa, na mtiki hausumbuliwi sana na mchwa. Hata hivyo mbao hutoa asidi, hivyo utandike kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, na karatasi zisilalie ubao. Kwa familia nyingi nashauri tranka la bati, lile la kupelekea mtoto bweni. Panya na mende hawalitoboi, linafungwa kufuli, na huenda tayari mnalo. Liinuliwe juu ya matofali au kipande cha mbao, lisikae sakafuni wala kugusa ukuta wa nje, kwa sababu bati hutoa jasho usiku wa baridi. Lifunguliwe kiangazi, vitu vipigwe na hewa kivulini. Majani makavu ya mwarobaini au karafuu ni desturi njema, mradi vitiwe kwenye kimfuko cha kitambaa. Vikigusa picha au kanga moja kwa moja vinaacha doa. Plastiki laini yenye harufu kali isitumike kwa chochote.

Kitambaa ndicho kivumilivu kuliko vyote. Kinafuliwa, kinaanikwa, hakiogopi unyevu wa siku mbili. Kinachokiua ni jua la dirishani na matumizi. Shuka lililoshonwa ili litumike litachakaa, na familia ikubaliane mapema kama inataka hivyo. Binafsi naona ni heri litumike.

Mkono wa nani

Hapa ndipo watu wengi huchagua vibaya, kwa kutazama kitu badala ya kutazama watu walionao. Bibi ambaye hakusoma hatajaza daftari, lakini anaweza kusuka ukili au kufuma vitambaa vya makochi hata gizani, na akiwa na kazi mkononi anasimulia. Mkalishe na kijana anayeandika. Daftari litajazwa na kijana, maneno yakiwa ya bibi, na yaandikwe kwa lahaja yake alivyoyasema, bila kuyanyoosha kuwa Kiswahili cha shule. Mstari mmoja wa Kimvita au wa Kiamu uliobaki kama ulivyo una thamani kuliko ukurasa uliosanifiwa. Kama masimulizi yake ni ya Kigogo au Kiluo, andikeni Kigogo au Kiluo, tafsiri ije chini.

Babu aliyesoma, aliyetumikia posta au reli, mpe daftari na penseli, umwache. Wanaume wa kizazi hicho mara nyingi hawasemi mbele ya watu, ila wanaandika.

Watoto wadogo hawana subira na daftari. Wanapenda sanduku, kwa sababu wanaweza kutoa vitu na kuvirudisha. Kitambaa kinahitaji mtu mmoja mwenye cherehani na moyo wa kuimaliza kazi, na kama hayupo nyumbani mtamlipa fundi. Gharama nyingine ni ndogo: kaunta buku, bahasha na karatasi za manila kwa mapambo havizidi bei ya mlo wa mchana wa familia mjini, na sanduku linaweza kuwa lile mlilonalo. Kopi za rangi ndizo zitakazokula fedha, hivyo chagueni picha.

Kuna jambo la daftari ambalo sanduku na kitambaa havina: linaweza kuumiza. Maandishi yanataja. Wake wenza, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ugonjwa uliofichwa, shamba lililouzwa kimyakimya. Sishauri kufuta mtu. Mtoto aliyeachwa nje ya daftari la ukoo atalikuta siku moja, na atajiona hayumo. Kila mtoto atajwe, na kila mama atajwe kwa jina lake kamili alilopewa na baba yake. Habari inayomhusu mtu aliye hai iandikwe kwa ridhaa yake. Nzito zaidi itiwe kwenye bahasha, ifungwe, iandikwe jina la wa kuifungua, ikae sandukuni. Kwa ajili ya bahasha hizo tu, familia nyingi zinazochagua daftari zitahitaji pia sanduku dogo.

Ukoo uliotawanyika

Familia yenye dada Maskati, kaka Toronto na wazee Pemba haiwezi kugawana sanduku bila kulivunja. Kofia ni moja. Kitambaa kimoja nacho hakigawanyiki, ingawa kuna suluhisho ambalo nimeliona likifanya kazi vizuri: badala ya shuka, shoneni foronya za mito midogo, kila mtoto wa marehemu apate mto wenye kiraka cha kanga ileile. Daftari linashinda hapa bila ubishi. Pigeni picha kila ukurasa kwa simu, mchana, kando ya dirisha, bila kuwasha taa ya simu, daftari likiwa bapa. Kisha kurasa zichapishwe na kujalidiwa, kila nyumba ipate lake. Maduka ya kuchapa vitabu vya picha yako Nairobi na Dar es Salaam, na kitabu kilichochapwa, pamoja na unadhifu wake, nakichukulia kama nakala ya daftari. Mwandiko wa mkono hauna mbadala.

Na wapo ambao kuhama ni jambo wanalolijua: ndugu zetu wa Burundi na Kongo waliokimbilia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kigoma, au waliokwisha kupelekwa nchi za mbali. Kwao nasema daftari dogo tu, linaloingia kwenye mkoba wa begani, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Katika makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, Kigali, yaliyofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba cha picha za kifamilia zilizotolewa na manusura: mtu kwenye harusi, mtu na baiskeli, mtoto studioni. Karatasi ndogo zilisalia pale ambapo nyumba nzima hazikusalia.

Simu nimeitaja kama msaidizi, na hapo ndipo mahali pake. Picha ikitumwa kwenye kundi la WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Itumeni kama faili. Wekeni nakala katika simu mbili na diski moja. Lakini picha elfu nne zisizo na majina ni ule mfuko wa nailoni tena, na simu huibwa.

Kama bado hujaamua

Nyumba yenye mzee aliye hai na kumbukumbu zake timamu ichukue daftari, na ianze mwezi huu. Nyumba iliyofiwa, yenye vitu vingi na picha chache, ichukue tranka na kijikaratasi kwa kila kitu. Nyumba ambayo kumbukumbu zake ni za wanawake waliovaa, waliopokea na waliozawadiana, ishone. Penye watu wawili wenye bidii, daftari pamoja na sanduku dogo ndiyo mchanganyiko ninaoupendekeza kwa moyo wote. Sipendekezi kuanza vitu vitatu kwa pamoja. Huishia vitatu nusunusu.

Na lolote utakalochagua, kazi ya kwanza ni ileile. Tandika mkeka, mwaga picha zote, mwite mzee. Zigeuze moja moja. Picha ya studio, iwe Capital Art Studio ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa mwaka 1930 au kibanda cha sokoni, mara nyingi ina muhuri nyuma, na muhuri unakupa mji na pengine mwaka. Andika nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza; zile za rangi zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, hivyo tumia kalamu ya wino usioyeyuka kwa maji na uache ukauke kabla hujazipanga. Majina kutoka kushoto kwenda kulia. Mahali. Shughuli gani. Nani alipiga. Asiyejulikana mwekee alama, umtumie shangazi aliye mbali picha hiyo, na umuulize leo.